Zoezi la Likizo Lataka Sahihi Nne

"Asilimia themanini!" Spidi alilipiga gazeti kofi. "Watoto themanini katika mia hawaujui utamaduni wa taifa lao. Imeandikwa hapa, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la magodoro."

Gazeti lilikuwa la Profesa, lakini Profesa alikuwa bado hajalisoma. Ndivyo mambo yalivyo pale kijiweni, anayelinunua hulisoma wa mwisho, likishalegea na kupata alama za vidole vya kila mtu. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, nje ya kibanda cha Fundi Soli mshona viatu. Mlango wa pili ni kwa Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye hajawahi kukaa kwenye ule ubao hata siku moja lakini hakuna neno linalosemwa pale likampita.

"Themanini? Hao waandishi wamewaonea haya," Profesa alisema. "Sema tisini na tisa. Mtoto wa siku hizi utamaduni ataujulia wapi? Ukimwambia njoo nikusimulie hadithi, anakuuliza ina dakika ngapi."

"Juzi nimempakia mmoja kwenye pikipiki," Spidi akadakia. "Lijana refu hilo. Namuuliza, dogo, ngoma ya kwenu inachezwaje? Ananijibu, anko, punguza mwendo."

"Alijibu vizuri sana," Mama Cherehani alisema kutoka ndani.

Wakacheka. Spidi mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Fundi Soli peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anagongea kisigino kimoja tangu asubuhi, kilishashika, kikashika tena, na sasa kwa jinsi alivyokuwa akikitandika kilikuwa kinaanza kulegea upya.

"Fundi, hicho kiatu kimekukosea nini?" Profesa aliuliza.

Fundi Soli akaweka nyundo chini. Akaingiza mkono chini ya boksi la misumari, akatoa daftari lenye jalada la karatasi ya kaki na bahasha iliyokwisha funguliwa. Akamkabidhi Profesa bahasha, kwa sababu Profesa alifanya kazi ya utarishi ofisini miaka thelathini na moja, na barua akiishika yeye hata kama ni ya kudaiwa kodi inasikika kama ya kupandishwa cheo.

Profesa akavaa miwani, akakohoa kidogo.

"'Kwa mzazi. Kazi ya likizo ya bintiyo nimeisoma mara tatu. Ama ni uongo na dharau kwa taifa, ama ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Nimeshindwa kuamua. Jumatatu saa kumi nitafika mwenyewe kuhakiki. Naomba watu wote wanne waliotajwa waweke sahihi kuthibitisha kwamba waliyoandikiwa ni ya kweli. Ikikosekana hata sahihi moja, mwanafunzi ataandika upya kazi yote kwa kosa la kusema uongo, na nafasi yake katika kundi la shule linalokwenda Mashindano ya Utamaduni siku ya Jumamosi atapewa mwenzake.'"

Ndani, cherehani ikasimama.

"Watu wanne gani?" Spidi aliuliza.

Fundi Soli alijikuna shingo. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa lake, na alilijua. Shule ilipofunga, binti alikuja na kijitabu cha shughuli za likizo, maswali kumi, Utamaduni wa Taifa Langu. Tembelea makumbusho. Hoji wazee. Chunguza kazi za mikono. Makumbusho wakayakuta yamefungwa kwa ukarabati. Mama yake binti kutwa yuko hospitalini anafua mashuka ya wodini. Baba mtu akaona isiwe tabu, akamwambia mwanawe, "Kaa hapa kwenye kigoda. Taifa ni watu. Tazama watu, andika." Akarudi zake kwenye gundi. Akasahau kwamba yule mtoto ukimwambia tazama, anatazama.

"Wanne," alisema taratibu, "ni sisi."

"Sisi?" Mama Cherehani alikwisha toka nje, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. "Sisi tumeandikwa shuleni? Mie nimefanya nini?"

"Soma, Profesa," Spidi alisema. "Soma tu, mimi sina la kuficha."

Profesa akafungua daftari. "'Swali la pili. Eleza vazi moja la asili na namna linavyovaliwa. Jibu. Vazi hili linaitwa kofia ngumu. Huvaliwa na madereva wa pikipiki kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Kazi yake ni kukinga kiwiko. Askari akionekana kwa mbali, kofia hupanda kichwani. Askari akishapita, hushuka kupumzika.'"

Macho yote yakaenda kwenye mkono wa kushoto wa Spidi. Kofia ilikuwa hapo hapo kiwikoni, imetulia. Akaupeleka mkono nyuma ya mgongo.

"Huo ni uzushi!" alisema.

"Uzushi na kofia tunaiona?" Profesa aliuliza.

"Kichwa kinatoka jasho bwana! Na mbona hakuandika kwamba nikiwa na abiria naivaa?"

"Kwa sababu huivai," Mama Cherehani alisema. "Mtoto kaandika haki tupu. Mwalimu akija, mimi nitakuwa shahidi wako namba moja. Haya, Profesa, endelea, nimeanza kumpenda huyu mtoto."

"'Swali la tatu. Eleza namna jamii yako inavyohesabu siku. Jibu. Kwa Mama Cherehani wiki ina siku moja, na inaitwa Kesho. Nguo zote huwa tayari Kesho. Nilikaa siku ishirini na sita nikiingoja Kesho ifike. Mara moja ilikaribia sana, lakini umeme ukakatika.'"

"Lo!" Mama Cherehani akashika kiuno. "Lo! Mtoto wa watu nimempa vipande vya vitambaa, nimemshonea mdoli wake gauni, halafu ananipeleka shule hivi? Na umeme ulikatika kweli!"

"Cherehani yako ya miguu!" Spidi aliruka juu. "Unakanyaga kwa miguu, mama! Umeme wa nini?"

"Wa pasi!"

"Suruali yangu ina miezi minne kwako. Minne! Nilipoileta nilikuwa mwembamba."

"Basi si ushukuru nimekungoja unenepe?"

Fundi Soli alitaka kuwatuliza, lakini Profesa alishanogewa. Alikuwa anasoma kwa raha ya mtu ambaye moto uko kwa jirani. "Subirini, subirini, hapa sasa pana mwenye nyumba. 'Swali la tano. Chagua kazi moja ya mikono, taja hatua zake. Jibu. Ushonaji wa viatu una hatua nne. Kupasua, kupaka gundi, kushona, na harusi.'"

"Harusi?" Spidi na Mama Cherehani waliuliza kwa pamoja.

"'Kiatu kikishakamilika, Baba hukivaa kwenda nacho harusini kuona kama kitahimili. Kikirudi bila kufumuka, mwenyewe huitwa aje akichukue. Majira ya harusi yakichanganya, viatu huchelewa.'"

Spidi alijilaza ubaoni, akacheka mpaka debe moja likahama. Mama Cherehani alifuta machozi kwa futi ya kupimia.

"Kumbe! Kumbe ndiyo maana siku ile ya harusi ya mtoto wa mjomba ulipiga vile vyeusi vyenye ncha! Nikasema Fundi leo kapendeza, kapata wapi?" Mama Cherehani alisema.

"Nilikuwa nafanya majaribio," Fundi Soli alisema. Masikio yalimwaka. Siri ile alikuwa nayo miaka tisa, hata mkewe alikuwa anadhani vile viatu ni vya kuazima kwa binamu. "Soli mpya lazima ijaribiwe kwenye sakafu ya saruji. Pale kibandani pana udongo."

"Na kucheza nacho mpaka jioni, hiyo ni sehemu ya majaribio?"

"Kiatu kinatembea tu jamani? Mwenyewe si atacheza nacho?"

Ndipo wakagundua Profesa amenyamaza. Amefungua ukurasa uliofuata, ameusoma peke yake, na sasa alikuwa analifunga daftari polepole.

"Yaliyobaki ni madogo madogo," alisema.

Mama Cherehani hana simile. Alimpokonya. "'Swali la saba. Kusanya simulizi moja ya kale kutoka kwa mzee. Taja mafunzo yake. Jibu. Nimekusanya kutoka kwa Babu Profesa simulizi ya Safari ya Ng'ambo. Ni simulizi moja lakini ina miisho sita. Jumatatu, Babu alichaguliwa kwenda kusoma ng'ambo, lakini teksi ikapata pancha, ndege ikaruka. Jumanne, pasipoti ililiwa na mbuzi. Jumatano, mama yake alimshika mguu asiondoke. Alhamisi, kiti chake alimwachia mgonjwa. Ijumaa, alifika mapema mno akapitiwa na usingizi. Jumamosi, rubani alikuwa jirani yao na walikuwa hawasemeshani. Jumapili sijui, kwa sababu Baba hafungui kibanda. Mafunzo ya simulizi: safari ni ngumu.'"

Hapa walicheka, lakini si kile kicheko cha mwanzo. Kila mmoja alikuwa ameisikia ile safari. Spidi aliijua ya mbuzi, Mama Cherehani aliijua ya mama kushika mguu na iliwahi kumtoa machozi. Hakuna aliyewahi kuziweka mbili pamoja.

"Mbuzi na rubani," Spidi alisema. "Profesa, mbona mimi ya rubani hukunipa?"

"Jumamosi huwa unapeleka mizigo sokoni," Profesa alijibu, kisha akajishtukia. Akasimama. "Mimi sitii sahihi."

"Profesa…"

"Sitii! Nyinyi mmeandikiwa kofia na viatu. Mimi nimeandikiwa maisha yangu. Nikitia sahihi hapo, nimesema nini? Nimesema mimi, mtu mzima na mvi zangu, ni muongo, na ushahidi nimeuwekea jina."

"Hakuandika muongo. Kaandika simulizi," Fundi Soli alisema.

"Simulizi yenye mbuzi!"

Fundi Soli akanyanyuka kwenye kigoda chake, kitu ambacho huwa hakifanyi kabla ya saa sita. "Jamani, nawaomba. Kucheka tumecheka. Mwanangu jana hajala. Amejifunika shuka analia bila sauti, na mimi kilio cha hivyo sikiwezi, bora angepiga makelele. Hajasema uongo hata neno moja. Leo saa kumi ataitwa muongo mbele ya shule nzima kwa sababu baba yake na rafiki za baba yake wameona haya. Miaka mitatu anangoja kuingia kwenye hilo kundi. Mimi nitasaini, harusi zote nitasaini. Nyinyi je?"

Spidi akatazama chini. "Mi nasaini. Ila askari asioneshwe."

"Na mimi nasaini," Mama Cherehani alisema. Akaona Spidi amefungua mdomo. "Leo! Nasaini leo! Fumba hicho kinywa."

Wakamgeukia Profesa. Profesa alisogea mpaka mwisho kabisa wa ubao, akawapa mgongo, akafungua gazeti lake. Ndipo pa mbali zaidi alipoweza kwenda bila kuiacha kahawa yake.

Kutwa nzima walimbembeleza. Spidi alijitolea kumpakia bure mwezi mzima. Profesa akasema pikipiki inamtia kizunguzungu. Mama Cherehani akaahidi kumshonea shati. Profesa akauliza lini, mazungumzo yakaishia hapo. Fundi Soli hakumbembeleza tena. Alimjua rafiki yake, ukimsukuma anakaza. Akabaki anashona na kumtazama kwa jicho la pembeni.

Ilipogonga saa tisa na nusu, wakafanya kosa ambalo watu wale tu ndio wangeweza kulifanya. Hakuna aliyewaambia. Mgeni anakuja, na mgeni mwenyewe ni mwalimu, basi kila mtu akaona ajiweke sawa. Mama Cherehani alikaa chini akamalizia suruali ya Spidi kwa dakika kumi na nane, akaipiga pasi, akaitundika mlangoni. Spidi akavaa kofia kichwani, akafunga na mkanda wake chini ya kidevu, akakaa nayo kwenye ubao pikipiki ikiwa imezimwa. Fundi Soli akafagia mbele ya kibanda, akanawa, akavua makubazi yake yaliyotobolewa na gundi. Pale rafuni palikuwa na jozi ya kahawia, ngozi laini, amemaliza kuishona Ijumaa. Mkono ukaenda wenyewe, miaka tisa si mchezo.

Mwalimu akaja, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na binti nyuma yake na sare ya shule, macho mekundu.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, Mwalimu," waliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama wako msibani.

Mwalimu akafungua daftari. Akamtazama Spidi, kofia kichwani mpaka kwenye nyusi. Akageuza ukurasa. Akatazama suruali mlangoni, mistari ya pasi imesimama.

"Hiyo ni ya mteja?"

"Ndiyo, Mwalimu," Mama Cherehani alisema kwa upole ambao hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuusikia. "Iko tayari."

"Na mzee huyu ndiye msimuliaji? Mzee, nimesikia una simulizi ya safari."

"Sina," alisema Profesa nyuma ya gazeti.

Mwalimu akashusha pumzi. Akamgeukia mwanafunzi wake. "Sasa mwanangu. Huyu kofia iko kichwani. Huyu kazi zimekamilika. Mzee hana hadithi. Hawa ni watu watulivu kabisa, na wewe umewaandika hivi. Kwa nini?"

Binti alimtazama baba yake tu. Na Fundi Soli, aliyekuwa amesimama wima kama mshumaa karibu na mlango, akaona walilolifanya. Walijipamba mpaka wakamfanya mtoto muongo.

"Mwalimu!" alipaza sauti. "Mwalimu, tusamehe! Sisi siyo hivi!"

"Siyo vipi?"

"Siyo wazuri hivi! Huyu Spidi vua hiyo kofia, bwana, utakufa na joto! Na hiyo suruali ina miezi minne, Mwalimu, imeshonwa sasa hivi kwa sababu yako! Mama, sema!"

"Imeshonwa kwa sababu yako," Mama Cherehani alikiri. "Na mguu mmoja nimekosea kipimo, nilikuwa na haraka."

"Mmoja upi?" Spidi akachomoa kofia kichwani, ikateleza mpaka kiwikoni bila hata yeye kuiangalia. "Mmoja upi, mama? Miezi minne, halafu mguu mmoja?"

"Utakunja!"

"Nitakunjaje mguu mmoja? Mimi navuka mto kwa mguu mmoja?"

Mwalimu alikuwa anageuza macho, kwenye kiwiko, kwenye daftari, kwenye kiwiko. Kisha akayashusha chini. Yakasimama kwenye miguu ya Fundi Soli.

"Hivyo viatu," alisema polepole. "Mwalimu Mkuu wetu ana vya rangi hiyo hiyo. Amevipeleka kwa fundi, wiki mbili hizi anakuja shule na kandambili."

Hapo Fundi Soli angeweza kusema lolote. Angeweza kusema binamu. Kinywa chake kilishaanza kujikunja kusema binamu. Akamwona mwanawe.

"Ni vyenyewe," alisema. "Viko kwenye majaribio. Hatua ya nne, Mwalimu, umeisoma. Jumamosi vilikuwa harusini. Vimehimili vizuri, mwambie aje avichukue."

Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yalimtikisika muda mrefu. Binti naye akacheka, mara ya kwanza tangu jana, na Fundi Soli akajisikia mwepesi mpaka akasahau kuvivua.

Wakasaini. Fundi Soli wa kwanza, akiandika kwa kalamu ya Mwalimu, harusi saba bila kuhesabu za nje ya mji. Spidi akasaini. Mama Cherehani akasaini, akaandika na tarehe bila kuombwa, na Spidi akaichungulia kuhakikisha ni ya leo.

"Imebaki moja," Mwalimu alisema.

Wote wakamtazama Profesa. Gazeti halikusogea. Lakini ukurasa ule alikuwa ameushika tangu saa nne, na mtu hasomi tangazo la godoro kwa saa sita.

Binti akasogea mwenyewe. Akasimama mbele ya gazeti. "Shikamoo Babu."

"Marahaba."

"Babu, mimi sikuandika kwamba unadanganya. Niliandika kila siku kwa sababu kila siku ilikuwa nzuri. Kama hutaki, basi. Nitaandika upya, nitaandika ngoma."

Profesa akashusha gazeti, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Hakukuwa na teksi," alisema.

Spidi akaivua kofia kiwikoni.

"Wala mbuzi. Palitangazwa nafasi za kusoma ng'ambo, hiyo ni kweli. Watu kumi na mmoja kutoka ofisini kwetu wangekwenda. Mimi niliomba. Bosi akaniambia, wewe usiwe na wasiwasi. Mimi nikashona koti. Nikawaaga nyumbani, nikamuaga mama yangu, majirani wakaja. Siku majina yalipotoka, nikaitwa. Tarishi, chukua hii orodha, kabandike ukutani. Nikaichukua. Nikaisoma huku naibandika. Pini nne. Sikuwemo." Akaikunja miwani. "Jioni narudi nyumbani, watu wananiuliza, imekuwaje? Nikasema teksi imepata pancha. Basi ikawa hivyo."

Mama Cherehani alijifuta macho, na safari hii hakutafuta futi, alitumia kiganja. Spidi alikuwa anaichezea kofia. Miaka yote ile Fundi Soli alikaa kando ya mtu huyu, amemshonea viatu, amekunywa naye kahawa, na hili hakuwahi kulijua.

Binti alikuwa ameshatoa penseli. "Babu, hii niiandike ya saba?"

"Iandike ya kwanza," Profesa alisema. Akaichukua kalamu ya Mwalimu, akatia sahihi yake, ndefu, yenye mikia mitatu, sahihi ya mtu aliyebeba barua za wakubwa miaka thelathini na moja na kujifunza kwa macho.

Mwalimu akalifunga daftari. "Mwanafunzi wangu hajasema uongo," alisema. "Jumamosi anakwenda. Ila kuna jambo. Kanuni za mashindano zinataka kila mtoto anayeshindana kwa simulizi afuatane na mzee aliyemsimulia. Basi la shule, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Mzee, utakwenda?"

"Kuna orodha?" Profesa aliuliza.

"Ipo. Hii hapa." Mwalimu akatoa karatasi mkobani.

"Niandike mbele yangu."

Mwalimu akaandika. Profesa alisimama juu ya bega lake akifuatisha kila herufi.

"Andika na la baba yangu. Na la babu. Kusije kukatokea mwingine mwenye jina kama langu."

Mwalimu akaandika la baba na la babu, mpaka mstari ukaisha akapanda pembeni. Profesa akasoma yote kwa sauti, mara mbili. Kisha akakunja gazeti lake, akalitia kwapani, akachukua fimbo.

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mzee. Jumamosi."

"Haya. Ngoja nikajiandae."

"Profesa," Spidi alisema, "leo Jumatatu."

Profesa alishavuka barabara. Aligeuka upande wa pili, akainua fimbo juu.

"Nyinyi kaeni hapo na uzembe wenu," alipiga kelele. "Mimi jina langu lipo."